Wiki sita na gari la haidrojeni: maji niliyakinga, moshi nikaufuata

Niseme mapema: mimi na haidrojeni tuna ugomvi wa zamani. Nachomelea vyuma, huu mwaka wa 19, na kwenye kazi yangu haidrojeni ni mwizi. Inaingia ndani ya chuma kikiwa bado cha moto, inatulia humo kimya, kesho yake unakuta ufa pembeni ya mshono uliokuwa unausifia jana. Ndiyo maana vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 tunavitunza kwenye kioveni visinywe unyevu. Unyevu ni maji, na maji yakikutana na cheche ya umeme yanaachia haidrojeni. Ndiyo maana pia mkaguzi wa kazi nzito haji siku ileile. Anangoja siku moja, mbili, ufa ujitokeze kama upo.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna gari linaloendeshwa na gesi hiyohiyo, tena limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kwamba halitoi uchafu wowote, sikushangilia. Niliomba nilijaribu.

Nililipata kwa wiki sita, kwa mkataba wa majaribio wa kampuni moja ya kukodisha magari. Nimelitembeza kilomita 2,860 na nimelitia haidrojeni kilo 28.4. Stakabadhi zote ninazo, nimezibana kwa klipu. Gari nalipatia nyota nne. Mafuta yake, yale niliyouziwa mimi, nayapa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya heshima tu. Nitaanza na gari kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi.

Ukiliwasha hakuna kishindo. Kuna mluzi mwembamba wa kompresa inayosukuma hewa ndani, basi. Ukikanyaga linaondoka kama gari lolote la umeme, kwa sababu ndivyo lilivyo: ni gari la umeme linalojitengenezea umeme wake likiwa njiani. Ndani hakuna kinachoungua. Haidrojeni inapita upande mmoja wa utando mwembamba uliopakwa platini, hewa ya kawaida inapita upande wa pili. Utando unaruhusu protoni zipenye ila elektroni unazikatalia, nazo zinalazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na huko kwenye waya ndiko zinakofanya kazi ya kuzungusha mota. Zikimaliza mzunguko zinakutana na oksijeni, yanazaliwa maji. Mambo haya si ya juzi. William Grove alikwishaonyesha betri ya gesi ya namna hii mwaka 1839, na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilipata umeme kwa njia hiyo, wanaanga wakanywa maji yaliyotoka.

Mimi sikuyanywa. Ila niliyakinga. Karibu na usukani kuna kitufe cha kumwaga maji yaliyojikusanya, ili usiyaache sakafuni ukishaegesha. Jumamosi moja niliweka jagi la plastiki chini ya bomba la nyuma, nikabonyeza. Gari likapiga chafya ndogo, yakatoka maji ya vuguvugu pamoja na ukungu, kiasi cha kikombe kimoja kikubwa. Niliyanusa: harufu ya plastiki mpya kwa mbali, nadhani ni ya bomba lenyewe. Nikadondosha matone kwenye karatasi nyeupe, nikaianika juani. Ilikauka bila doa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi karibu na injini sijawahi kuweka karatasi nyeupe nyuma ya bomba ikarudi nyeupe.

Kilo moja ya haidrojeni inazaa kilo tisa za maji, hiyo ni kemia ya darasani. Maana yake kwa wiki sita nimemwaga barabarani zaidi ya lita 250, sehemu kubwa ikiwa mvuke. Pipa moja na robo. Kwa hiyo kuhusu bomba la nyuma tangazo halidanganyi: masizi hakuna, hewa ukaa hakuna, oksidi za nitrojeni hakuna. Hapo naongelea gari lenye seli, yaani ule utando unaozaa umeme, kama hili. Kuna injini zinazochoma haidrojeni moja kwa moja kama petroli, na hizo moto wake mkali unaunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani, zile oksidi zinazowasha koo zinarudi. Mtu akikuuzia gari la haidrojeni, muulize kwanza ni la seli au la kuchoma.

Nyota iliyopungua ni ya buti. Mitungi imekula nafasi, sanduku langu la zana lilikaa kiti cha nyuma kama abiria. Lakini mitungi yenyewe nimeivulia kofia. Gesi imo humo kwa mgandamizo wa mara 700 ya hewa tunayovuta. Tairi la gari ni mara mbili na nusu hivi, na mtungi wa oksijeni wa karakana yangu ukijaa unafika mara 150 au 200. Nililala chini ya gari na tochi nikitafuta mshono. Hakuna. Ni plastiki ndani, imezungushiwa nyuzi za kaboni tabaka kwa tabaka, chuma kimebaki mdomoni tu. Waliotengeneza walijua ninachokijua mimi kuhusu haidrojeni na chuma, wakamkimbia adui. Ndani ya kile kifuniko cha kujazia kuna kibandiko chenye tarehe: baada ya siku hii usijaze tena. Kumbe gari lina tarehe ya mwisho kama dawa. Ni miaka mingi mbele, lakini anayenunua la mtumba asisahau kusoma hapo.

Sasa tuje kituoni.

Kujaza, siku ikiwa nzuri, ni dakika nne. Unachomeka mdomo wa mpira, unageuza kishikio mpaka kikalie, gari na pampu zinaongea zenyewe kwa mwanga usioonekana kuhusu joto na mgandamizo wa mtungi, kisha gesi inaingia kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Gesi hiyo imepozwa mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu ukiibana haraka namna ile inapata joto na mtungi usingependa. Matokeo yake ni kwamba mdomo wa mpira unaganda. Mara yangu ya tatu uligandana na gari kabisa, weupe wa barafu umeuzunguka kama chumvi. Mhudumu akaniambia nisivute. Tukasimama dakika saba tukiangalia barafu inavyoachia.

Na siku hiyo nilikuwa wa kwanza. Ukiwa wa tatu ni habari nyingine: kompresa inabidi ijenge upya mgandamizo, na pampu inakuonyesha neno "subiri" wakati ulishalipia. Nimekwenda kituoni mara tisa, nimejaza mara saba. Mara mbili kompresa ilikuwa mbovu, nikarudi na geji ikining'inia. Gari la petroli likikosa mafuta hapa unavuka barabara. La haidrojeni unaanza kupiga simu. Wala si shida ya kituo changu peke yake: Februari 2024 Shell ilitangaza kufunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo huko California, mahali ambapo magari haya yalikuwa mengi kuliko sehemu nyingine ya Marekani.

Wakati tukisubiri ile barafu nilimuuliza yule mhudumu, kijana mchangamfu.

"Kijana, hii gesi inatoka wapi?"

"Inaletwa na lori, mzee."

"Lori linaitoa wapi?"

"Kiwandani."

"Na kiwanda?"

Akacheka. "Mzee wangu, wewe wa kwanza kuuliza hivyo. Wenzako wote wanauliza kama italipuka."

Nijibu hilo la kulipuka nimalize. Watu wanakumbuka meli ya anga ya Hindenburg, iliyojazwa haidrojeni ikaungua Mei 1937, watu 36 walikufa. Haidrojeni inawaka kirahisi, kweli, na mwali wake mchana hauonekani. Wafanyakazi wa maroketi enzi hizo walikuwa wakitembea na ufagio mbele yao, ufagio ukishika moto wanajua pa kuishia. Lakini ni nyepesi mno, ikivuja nje inapaa na kutawanyika kabla hujamaliza kuogopa. Hatari yake ni ndani ya chumba kilichofungwa. Mimi ninayefanya kazi na asetilini, gesi ya kuchomelea, kila siku silali macho kwa ajili ya haidrojeni ya gari.

Lori lenyewe nililiona wiki ya nne. Dizeli. Limebeba mitungi mirefu ya chuma iliyolala kama mabomba ya maji, na magari ya aina ile hubeba haidrojeni kilo mia tatu hivi, uzito uliobaki wote ni chuma. Fikiria lori zima, moshi mweusi likipanda mlima, limebeba mafuta ya kujaza magari yasiyozidi 60 au 70. Hapo ndipo nilipoamua kufuata moshi.

Niliiandikia kampuni inayouza gesi. Swali moja: haidrojeni mnayouza kituo hiki imetengenezwaje? Siku kumi na moja kimya. Nikaandika tena. Jibu lilikuja, heshima nyingi juu na chini, na katikati mstari mmoja wenye maana: inatokana na gesi asilia kwa njia ya mvuke, na kampuni ina mpango wa kuleta ya kijani siku zijazo. Niliichapisha barua hiyo, nikaibana pamoja na stakabadhi.

Njia ya mvuke ni hivi. Molekuli ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina kaboni moja na haidrojeni nne. Unaipitisha pamoja na mvuke wa maji kwenye mirija yenye nikeli, joto nyuzi 800 na kuendelea. Kaboni inaondoka na oksijeni ya maji, haidrojeni za pande zote mbili unazikusanya. Kwa mizani: kilo 16 za methani na kilo 36 za maji zinatoa kilo 8 za haidrojeni na kilo 44 za hewa ukaa. Piga hesabu. Ni kilo tano na nusu za hewa ukaa kwa kila kilo ya haidrojeni, na hapo bado hujawasha moto wa kupasha mirija. Ukiujumlisha, kiwanda cha kawaida kinatoa kilo 9 hadi 10. Kwa makaa ya mawe ni karibu mara mbili ya hapo.

Usiku huo nilichukua kalamu. Kilo 28.4 mara 10 ni kilo 284 za hewa ukaa kwa wiki sita zangu "zisizo na uchafu". Gari langu mwenyewe ni la petroli lenye betri ya kusaidia, linakunywa lita 4.6 kwa kilomita 100. Kwa kilomita zilezile 2,860 lingekunywa lita 131 na ushei, na kila lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3. Jumla kilo 303.

284 kwa 303. Tofauti ya kilo 19 kati ya gari la kesho na gari langu lenye mkwaruzo mlangoni. Na sijaweka lile lori la dizeli, wala umeme wa kompresa, wala methani inayovuja visimani na mabombani kabla haijafika kiwandani. Kwa haki, hata petroli nayo ina kiwanda chake na lori lake ambavyo sikuvihesabu. Lakini mtu asiniambie nimeokoa dunia kwa kilo 19.

Nilidhani labda mimi ndiye mwenye bahati mbaya, nimeangukia muuzaji asiyefaa. Hapana. Mwaka 2023 dunia ilitumia haidrojeni kama tani milioni 97, na ile iliyotengenezwa kwa njia za uchafu mdogo haikufika tani milioni moja. Iliyobaki karibu yote ilitokana na gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta, na ilimwaga angani zaidi ya tani milioni 900 za hewa ukaa. Muuzaji wangu ni wa kawaida kabisa. Ndiye kanuni.

Wauzaji wana lugha ya rangi, na inafaa uijue ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Gesi yenyewe haina rangi hata chembe. Ya kwangu inaitwa ya kijivu. Ya makaa ya mawe, nyeusi au kahawia. Ya bluu ni ileile ya kijivu ila kiwanda kimefungwa mtego wa kunasa hewa ukaa na kuizika ardhini. Mtego haunasi yote, na hauna habari na methani iliyovuja huko nyuma, ambayo kwa miaka 20 ya kwanza inapasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Kuna ya waridi, ya umeme wa nyuklia. Kuna hata nyeupe, inayotoka ardhini yenyewe: kijiji cha Bourakébougou nchini Mali walichimba kisima cha maji mwaka 1987, maji hawakupata, ikatoka gesi iliyokuja kugundulika ni haidrojeni karibu tupu, baadaye ikawasha taa za kijiji. Hiyo ningeipa nyota tano bila kuuliza. Sijaikuta kituoni.

Inayosifiwa ni ya kijani: unachukua maji, unayapasua kwa umeme wa jua, upepo au maporomoko. Oksijeni inakwenda zake, haidrojeni unaibana. Hapo kweli hakuna kaboni. Nilitaka sana hesabu yake initoke vizuri, kwa sababu gari nimelipenda.

Kupasua maji ya kutosha kilo moja ya haidrojeni kunakula umeme yuniti 50 hadi 55. Tuchukue 55, ijapokuwa kuibana na kuipoza bado kunadai yuniti zake. Gari nililokuwa nalo linakwenda kilomita 100 kwa kilo moja. Yuniti 55 kwa kilomita 100. Jirani yangu karakanani ana gari la betri la ukubwa huohuo, nimechungulia mita yake kwa ruhusa yake: yuniti 18 kwa kilomita 100, kutoka ukutani. Mara tatu. Paneli tatu za jua kufanya kazi ya paneli moja. Umeme ambao ungenipasulia kilo zangu 28.4 ni yuniti 1,562, na gari la jirani lingekwenda nao zaidi ya kilomita 8,600 wakati mimi nimekwenda 2,860. Upotevu hauko kwenye uvivu wa fundi yeyote. Umo kwenye safari yenyewe: umeme unageuzwa gesi, gesi inabanwa, inapozwa, inabebwa, kisha inageuzwa umeme tena. Kila mlango unatoza ushuru.

Na hapo tumedhani umeme wenyewe ni safi. Ukipasua maji kwa umeme wa makaa ya mawe, ambao kila yuniti hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa, unapata kilo 55 za uchafu kwa kilo moja ya haidrojeni. Hiyo ni mbaya zaidi ya mara tano kuliko ya kwangu ya kijivu, na bado mtu anaweza kukwambia kwa uso mkavu kwamba imetokana na maji. Umoja wa Ulaya uliliona hili. Kanuni zao za 2023 zinataka haidrojeni inayoitwa ya umeme jadidifu ipate umeme wa mitambo mipya, si kuunyang'anya uliokuwa tayari unawashia watu taa, na kuanzia 2030 umeme huo uzalishwe saa ileile unapotumika. Huwezi kudai umepasua maji usiku kwa jua la mchana.

Kuna jambo moja ambalo mimi fundi lilinikera kuliko mengine, na silisikii likitajwa na wauzaji. Kuvuja. Karakanani tunapima uvujaji kwa povu la sabuni: pakaa kwenye maungio, tazama kipovu kinapovimba. Haidrojeni ndiyo molekuli ndogo kuliko zote. Inapita pale ambapo gesi nyingine inakwama. Na huwezi kuitia harufu kama tunavyotia gesi ya kupikia, kwa sababu vitu vinavyonuka vinaua platini kwenye utando. Gesi ya magari haya inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.97. Nilidhani ikivuja si neno, inapaa. Inapaa, ndiyo, lakini huko juu inashika na kumaliza vile vichembe vya hewani vinavyosafisha methani. Methani inabaki angani muda mrefu zaidi kuliko ambavyo ingebaki. Makadirio ya wanasayansi yanaiweka haidrojeni iliyovuja kwenye karibu mara 11 au 12 ya nguvu ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kile kituo changu, kila mdomo wa mpira unapochomolewa unasikia "pfff". Sasa kila nikiisikia nawaza.

Utasema basi nimeichukia kabisa. Sivyo, na hapa ndipo niliporudi kwenye kazi yangu mwenyewe.

Chuma ninachochomelea kinatoka kwenye mawe ambayo ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Ili kuwaachanisha, tanuri la kawaida linatumia makaa, kaboni inaondoka na oksijeni, na kila tani ya chuma inaacha nyuma yake kama tani mbili za hewa ukaa. Betri haiwezi kazi hiyo. Haidrojeni inaweza: inainyakua oksijeni kwenye jiwe, wanatoka wote wawili wakiwa maji. Wasweden wamefanya hivyo kwa mradi wao wa HYBRIT, na mwaka 2021 kampuni ya SSAB ilimpelekea mteja chuma cha kwanza kilichotengenezwa bila makaa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Adui wa mishono yangu ndiye anayeweza kukisafisha chuma tangu mgodini.

Nikarudi kwenye karatasi. Kwa kemia, tani moja ya chuma inahitaji kilo 54 za haidrojeni. Kilo zangu 28.4 zingetosha tani nusu. Tuseme zingekuwa za kijani kweli, si hizi nilizouziwa. Kwenye gari, zingeokoa ile petroli ya kilo 303 za hewa ukaa. Kwenye tanuri, zingeokoa karibu tani nzima. Gesi ileile, kilo zilezile, mara tatu. Na mbolea vilevile: amonia inayotumika kuitengeneza haipatikani bila haidrojeni, na viwanda vyake vinameza mamilioni ya tani za ile ya kijivu kila mwaka, leo hii, bila kusubiri mtu anunue gari. Kile kidogo cha kijani kilichopo, mimi kukitia kwenye tangi niende kununua vijiti vya kuchomelea ni sawa na kunawia miguu maji ya kunywa.

Malori ya masafa marefu na meli, pengine. Betri yake ingekuwa nzito. Hapo nawaachia wanaoendesha.

Ukitaka kulikodi gari kama hili hata hivyo, kwa raha yake ya kuendesha, fanya. Linastahili. Ila kabla hujasaini mtumie muuza gesi swali nililomtumia mimi, kwa maandishi, na uongeze la pili: kilo ngapi za hewa ukaa kwa kilo moja ya haidrojeni mpaka mlangoni kwangu. Zile kanuni za Ulaya zinaitaka isizidi kilo 3.4 hivi. Akikujibu kwa rangi badala ya namba, umeshajibiwa.

Siku ya kurudisha niliamka mapema nikaliosha, nje na ndani, nikafuta hata vumbi la kusaga lililobaki kiti cha nyuma nilipoweka zana. Kijana wa kampuni ya kukodisha akalizunguka na kishikwambi chake, akapiga picha, akaniuliza nimelionaje. Nikamwambia gari zuri sana, fundi aliyetengeneza mitungi yake nampa mkono. Akanipa fomu. Kilomita, nikajaza. Mikwaruzo, hakuna. Kipengele cha saba: "Je, gari limerudishwa likiwa safi? Ndiyo / Hapana." Nilishika kalamu nikaangalia lile bomba la nyuma, bado linadondosha tone moja moja kwenye sakafu.

Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Nilikuwa nimeliosha mwenyewe.